Barua kwa mwanangu: digrii ipi ngumu?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza, kwa tahasusi yako ya PCM, kati ya digrii za hisabati, fizikia na kemia ipi ngumu zaidi, maana dirisha la maombi ya chuo liko wazi na shangazi yako amekushauri utafute kozi laini ulinde GPA, yaani wastani wako wa alama. Kuiwazia GPA ni jambo la busara. Daraja la kwanza linaanzia 4.4 kwa 5, na hakuna kozi inayoitoa bure. Hilo neno lake "laini" ndilo silikubali.

Nianze na hisabati kwa sababu ndiyo unayodhani unaijua. Kidato cha sita ulipewa swali, ukachomoa kanuni, ukakokotoa, ukapiga mstari chini ya jibu. Chuoni, kwenye analisisi, tawi linalothibitisha misingi ya kalkulasi, utaulizwa kanuni hiyo imetoka wapi. Kwa kila epsiloni, yaani kosa dogo unaloruhusiwa, tafuta delta yake, yaani umbali unaohakikisha hulivuki. Mara nyingi jibu limeshaandikwa kwenye swali lenyewe. Unachotakiwa kuleta ni hoja isiyo na tundu. Mwaka 1872, huko Berlin, mwanahisabati Weierstrass alionyesha mchoro usiokatika popote, lakini huwezi kuupatia tanjenti kwenye nukta hata moja. Jaribu kuuchora uone! Hapo ndipo wenye A nzuri kabisa huanza kupata sapu, mitihani ya kurudia. Walikuwa mafundi wa kukokotoa, na hapa kinachoulizwa ni kingine. Tena ugumu wa hisabati hauna saa. Unaweza kukesha na swali moja karatasi ikabaki nyeupe, kisha likafunguka ukiwa kwenye foleni ya chakula. Au lisifunguke kabisa. Madesa, yale maandishi ya kukariri, hayakusaidii, kwa kuwa uthibitisho uliokaririwa huanguka mara mhadhiri anapobadilisha sharti moja.

Fizikia inadai hisabati hiyohiyo, na inaidai mapema. Mhadhiri wa mekanika hasubiri umalize milinganyo kwa mhadhiri wa hisabati. Zaidi ya hapo, fizikia inataka jibu lako likubaliane na vitu vyenyewe. Mlinganyo wa Schrödinger, wa mwaka 1926, unaoeleza mwenendo wa elektroni, unatatulika kikamilifu kwa atomu ya haidrojeni yenye elektroni moja. Ongeza elektroni moja tu, ufike heliamu, na jibu kamili halipo: unabaki na makadirio, na kazi yako ni kujua yanafaa kiasi gani. Wapo wanaolichukia jambo hilo. Mimi ndilo lililonifanya niipende fizikia nilipokuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kemia itakula mchana wako. Wenzako wa hisabati wamelala, wewe umesimama maabara unasubiri fuwele zitokee, halafu ripoti, halafu unaulizwa kwa nini ulichovuna ni chini ya nusu ya kilichotarajiwa. Kemia ya kaboni inataka kumbukumbu ndefu na jicho la kufuata elektroni zinakokwenda. Na aliyeikimbia kalkulasi atakutana nayo tena kwenye kemia ya nishati na kasi za mmenyuko.

Baiolojia anayoisifia shangazi hutaingia bila somo la baiolojia kwenye tahasusi, basi tusiijadili sana. Ila mwambie wanaokwenda huko kukwepa hesabu hukuta takwimu zimewasubiri kwenye jenetiki.

Ukinibana nipange, nitasema hisabati tupu ndiyo ngumu kuliko zote kwa mtu wa kawaida, fizikia inaifuata kwa karibu, na kemia ndiyo inayochukua saa nyingi zaidi. Lakini wewe si mtu wa kawaida kwangu, nimekuona ukisoma. Ukipata jibu hutulii, unataka kulijaribu. Uthibitisho unauruka, unauliza unatumika wapi. Mtu wa namna hiyo miaka mitatu ya analisisi na aljebra dhahania itamchosha roho, hata kama atafaulu. Naona fizikia. Mama yako anaona kemia, kwa sababu za ajira, na hoja zake si mbaya, muulize mwenyewe.

Kabla hujapanga machaguo, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu akupe mitihani ya nyuma: mmoja wa analisisi, mmoja wa fizikia ya kwanta, mmoja wa kemia ya kaboni. Hutaweza kuijibu, usihangaike. Angalia tu ni upi unaokufanya utamani kujua swali linahusu nini. Kisha nipigie mapema, usingoje usiku wa mwisho kama ulivyonifanyia kwenye fomu ya mkopo.

Baba yako