Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: karatasi ya mahudhurio si ridhaa

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizoleta ofisini kwako hazijajibiwa, na muda wa kutoa kibali unakaribia.

Wiki iliyopita kilifanyika kikao cha kukusanya maoni kuhusu tuta na mfereji vitakavyopita katikati ya ardhioevu. Karibu muda wote ulikwenda kwenye slaidi. Maswali yaliwekwa mwishoni, watu walipokwisha kuanza kuondoka. Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa tangu mwanzo, na sasa ndiyo iliyoambatishwa kwenye ripoti kuonyesha kwamba wakazi wameridhia. Mheshimiwa, aliyetia saini alithibitisha kwamba alikuwepo. Hakuthibitisha kingine.

Uliahidi kwamba hakuna mradi utakaobadili ardhi ya watu kabla hawajasikilizwa. Ahadi hiyo haikuwa hisani. Kanuni ya 10 ya Azimio la Rio la 1992 inasema masuala ya mazingira hushughulikiwa vyema zaidi pale wananchi wote wanaohusika wanaposhiriki. Mkataba wa Aarhus wa 1998 unazitaka nchi wanachama zianze kuwashirikisha watu mapema, wakati chaguo zote bado ziko wazi. Hapa mstari wa mfereji ulikuwa umeshachorwa. Tunadhani ratiba ya ujenzi ilipangwa kwanza, kikao kikatafutiwa nafasi ndani yake.

Kikao kilianza kuharibika kwenye ramani. Iliyobandikwa ukutani ilikuwa ya kipimo cha 1:50,000, yaani sentimita moja ni mita 500. Kwa kipimo hicho kijito chenye upana wa mita 10 ni milimita 0.2 kwenye karatasi, chembamba kuliko mstari wa kalamu. Mtu anayeulizwa kama mfereji utagusa kisima chake atajibu nini mbele ya ramani hiyo? Chapisheni ya 1:5,000. Kijito kilekile kitakuwa milimita 2, na karatasi moja ya A0 itabeba eneo la takriban kilomita 4 kwa 6. Ilazeni mezani, igeuzwe hadi kaskazini yake ielekee kaskazini ya kweli, watu waizunguke na kuweka kidole. Juu yake tandazeni nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, wachore wenyewe vivuko, malisho na madimbwi, kwa majina wanayoyatumia wao. Ramani yenye majina ya ofisini pekee humfanya mwenyeji apotee kwenye ardhi yake.

Kisha tokeni nje. Makundi ya watu wanane hadi kumi, kutoka mwinuko hadi bondeni, mkisimama kila udongo au uoto unapobadilika. Hapo ndipo mtu anaonyesha alama ya matope ukutani na kusema maji yalifika hapa. Alama hiyo ni kipimo, si hadithi, na inaweza kulinganishwa na kimo cha tuta kwa mpira mwangavu uliojaa maji, ule ambao mafundi hupimia usawa wa msingi. Ncha moja ishikwe kwenye alama, nyingine kwenye nguzo iliyo mbele, zote mbili zikiwa wazi. Maji yatasimama sawa pande zote. Mnahamisha nguzo kwa nguzo hadi mfike tuta litakapojengwa. Mpira ujazwe polepole, kwa sababu kiputo kimoja cha hewa kikibaki katikati usomaji unapotoka, na kosa linabebwa hadi nguzo ya mwisho.

Mstari wa mfereji nao uwekewe vigingi na utepe, na kimo cha tuta kionyeshwe kwa miti iliyosimamishwa. Uswisi hufanya hivyo kwa majengo: nguzo huinuliwa kuonyesha ukingo na kimo cha jengo, majirani wakalitazama kabla ya kibali kutolewa. Mita tatu kwenye slaidi haimshtui mtu. Mita tatu mbele ya mlango wake zinamfanya aulize maji ya mvua yatatokea wapi, swali ambalo ripoti haijaligusa.

Juu ya kumbukumbu za wakazi, msizipuuze na msizichukue zilivyo. Mwaka 1995 mwanasayansi wa uvuvi Daniel Pauly alieleza jinsi kila kizazi kinavyodhani hali kiliyoikuta ndiyo ya kawaida. Kwa hiyo wazee na vijana waulizwe kila kundi peke yake, na kila jibu lifungwe kwenye tukio linalojulikana: kabla ya daraja, baada ya ukame fulani. Ndipo zitolewe picha za setilaiti. Za Landsat zipo tangu 1972, na tangu 2008 hutolewa bure. Zikitangulia, watu watasimulia picha badala ya walichokiona. Nazo zina upofu wake: kwenye picha ambazo kila nukta ni mita 30, mtaro wa mita mbili hauonekani, ilhali aliyeuchimba anajua mwezi unaofurika.

Lugha ni jambo fupi. Badala ya kusema bayoanuwai itaathirika, semeni ni samaki gani watapungua na majani gani ya kuezekea yatakauka.

Linalotuuma zaidi ni kinachotokea baadaye. Kila hoja iandikwe, isomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, kisha ijibiwe kwa maandishi: imekubaliwa na imebadili nini, au imekataliwa kwa sababu gani. Kwenye ripoti ya sasa hoja zote zimekusanywa katika sentensi moja, kwamba wananchi walitoa maoni mbalimbali. Aliyeuliza kuhusu kisima hayumo. Aliyeuliza ng'ombe watavukia wapi hayumo.

Tunakuomba, Mheshimiwa, usitie saini. Agiza kikao kirudiwe kwenye eneo lenyewe, vigingi vikiwa vimesimama na ramani inasomeka, na juu ya kila karatasi ya mahudhurio iandikwe kwamba kuhudhuria si kukubali. Kama hayo yote ni mengi, basi hili moja: usitie saini kabla aliyeuliza kuhusu kisima hajajibiwa.

Ni sisi,
Wapimaji, wachora ramani na waendesha vikao vya wananchi