Barua ya malalamiko kuhusu usalama wa mafundi wa mnara, Lamu

Langoni, Lamu
17 Julai

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Minara ya Simu

Bwana Mkurugenzi,

KUH: USALAMA WA MAFUNDI KATIKA MNARA WENU WA KISIWA CHA PATE

Wiki iliyopita kontrakta wenu alitutuma mafundi wanne kubadilisha antena kwenye mnara huo. Nilipoeleza kwa simu hali niliyoikuta huko, afisa wenu alinijibu kwamba vifaa ni shauri la kontrakta. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike.

Mkanda wa usalama niliopewa ulikuwa umefumuka mshono begani, na kulabu yake ilishika kutu hata kilango chake kikawa hakirudi chenyewe. Kila nilipojifunga ilinibidi nikisukume kwa kidole gumba, mkono wa pili ukishikilia ngazi. Kamba nayo ilikuwa moja badala ya mbili, kwa hiyo kila nilipohamia chuma cha juu nilijifungua kabisa kwanza, na kusi ya Julai mnaijua. Vyuma vya pwani huliwa na chumvi upesi, na kifaa kilichokaguliwa bara hakiaminiki huku mpaka kikaguliwe tena kabla ya kupanda.

Hakuna pia aliyetuhakikishia kwamba antena nyingine zilizo karibu mnarani zimezimwa. Mawimbi yake hayaonekani, nayo humpasha mtu joto mwilini kabla hajatambua. Nilimwuliza msimamizi mara mbili; alituhimiza tumalize maji yasije yakakupwa. Boti yenyewe ilikwisha kutushusha na kwenda zake. Fundi akining'inia kwenye mkanda bila kuteremshwa mapema, damu hutuama miguuni na anaweza kufa hata kama hana jeraha. Sisi tungesubiri maji yajae.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali pa kazi, pa kudumu au pa muda, na kifungu cha 6 kinamtwika mwenye eneo la kazi wajibu wa usalama wa wote wanaofanya kazi humo. Mnara ni wenu, ufunguo wa uzio ni wenu, na kibali cha kupanda kilitoka kwenu; siamini kwamba wajibu huo unaweza kuachiwa kontrakta peke yake. Sheria hiyohiyo inakataza mfanyakazi kufukuzwa kwa kulalamikia usalama, nami nalitaja hilo kwa sababu wenzangu wanahofia kibarua chao.

Tumepangiwa kurudi Pate Jumatatu. Naomba kabla ya siku hiyo kila fundi apewe mkanda mzima wenye kamba mbili, tupate hati inayoonyesha antena zipi zimezimwa na saa ngapi, na boti ikae gatini pamoja na mtu aliyefunzwa uokoaji mpaka wa mwisho ateremke. Bila hayo hatutapanda. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini.

Wenu mwaminifu,
Fundi wa minara