Kengele ya kisima isisubiri pampu iungue

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na halmashauri, wakandarasi na vyombo vya huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 imevikabidhi kazi ya kuendesha miradi vijijini. Hoja yetu ni vile visanduku vya kufuatilia visima kwa mbali, vinavyomtumia fundi taarifa kwa simu pampu au tanki likipata hitilafu. Tunavitaka, tena sana. Kisima cha Chemba au Bahi kilicho mbali na lami hakina fundi wa kukilinda usiku, na pampu ikiungua watu wanarudi kufukua mchanga wa korongo kutafuta maji. Lakini kisanduku kilichofungwa vibaya hunyamaza siku ile ile kilipotakiwa kusema.

Mara nyingi kosa linaanzia kwenye umeme wake. Kisanduku kinachukua umeme kwenye laini ileile inayoendesha pampu, kwa hiyo umeme ukikatika kinazima kabla hakijatuma neno. Kinatakiwa kiwe na betri yake ya volti 12 na chaja yake. Betri ya ampia-saa 7 inatosha: kifaa kinachokula ampia 0.1 kitakaa zaidi ya siku mbili, kama betri ni nzima. Nayo betri ifuatiliwe, ikishuka chini ya volti 11.5 itoe taarifa. Kabati la chuma lisilo na kivuli huchemka kwa jua la huku, na umri wa betri ya risasi hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Kibanda kidogo cha bati juu ya kabati, kilichoachiwa nafasi ya hewa kupita, ni gharama ndogo kuliko kununua betri kila mwaka.

Kosa linalotuuma zaidi ni namna nyaya za kengele zinavyoungwa. Chukua floti ya tanki, yaani swichi ya kiboya inayopanda na kushuka na maji. Fundi anaiunga ili saketi ijifunge, yaani umeme upite, tanki likijaa, kisha pampu izime. Jembe likikata waya huo, au panya akiutafuna, mtambo unaona tanki halijajaa. Pampu inaendelea, maji yanamwagika mlimani usiku kucha, na simu ya fundi haiiti. Saketi inatakiwa ibaki imefungwa mambo yakiwa salama, na ifunguke penye hitilafu yoyote, waya kukatika ikiwemo. Mlango wa kabati na rilei ya fezi (swichi inayokagua nyaya tatu za umeme wa pampu) viungwe vivyo hivyo.

Kihisi cha kina cha maji kinachotoa miliampia 4 hadi 20 kimeundwa kwa fikra hiyohiyo. Sufuri ya maji si sufuri ya umeme. Kihisi cha presha ya bar 0.5 hupima mita 5 za maji. Kwenye tanki lenye maji mita 4 kitasoma miliampia 16.8, na tanki likikauka kitasoma 4. Kikisoma chini ya 3.6, hapo waya umekatika au kihisi kimekufa. Mkandarasi asipoweka mpaka huo, mtambo utasoma waya uliokatika kama tanki tupu na kuwasha pampu.

Hata hivyo, mtandao wa simu usifanywe mlinzi wa pampu. Ujumbe mfupi unaweza kuchelewa, au usifike kabisa, wakati pampu ya kisimani inayozunguka bila maji huharibika kwa dakika chache kwa kuwa maji ndiyo yanayoipoza. Mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja, zile mbili zilizobaki huvuta umeme karibu mara 1.7 ya kawaida na koili zinaungua. Kwa hiyo kinga ya kukauka, kinga ya fezi na kinga ya kuzidiwa mzigo zikae ndani ya paneli palepale kisimani, zizime zenyewe, kisha kisanduku kitoe habari. Kisima kikikauka, pampu isubiri angalau dakika 30 maji yarudi. Ikijaribu mara tatu na kushindwa, ibaki imezima mpaka mtu afike.

Na anayewasha kwa mbali asiwe na mamlaka juu ya mikono ya mwenzake. Paneli iwe na swichi ya nafasi tatu: hapa, zima, mbali. Fundi aliyepo kisimani akiiweka kwenye zima na kuipiga kufuli, amri yoyote kutoka Dodoma mjini ikataliwe. Tunalisisitiza hili kwa sababu kosa lake linaua mtu. Amri nazo zipokelewe kutoka namba zilizosajiliwa tu, pamoja na neno la siri.

Radi ni habari ya pekee kwetu. Waya wa mita 800 kutoka tanki la mlimani hadi kisimani unakaribisha radi moja kwa moja hadi kwenye kisanduku. Vifaa vya kuzuia mapigo ya umeme viwekwe ncha zote mbili za waya huo, kwenye laini ya umeme na kwenye antena. Vyote vishuke kwenye ubao mmoja wa ethi (njia ya kupeleka umeme ardhini), kwa waya mfupi usiozidi sentimita 50, kwa sababu waya mrefu unaozunguka hupunguza kazi yake. Ethi ipimwe Septemba au Oktoba, udongo ukiwa mkavu. Kipimo cha Februari kitakupendeza bure. Lengo liwe omu 5 au chini. Fimbo moja ya mita 1.5 isipotosha, ongeza nyingine umbali wa mita 3. Mahali tanki liko mbali sana tunapendelea redio ndogo yenye sola badala ya waya: hakuna shaba ya kuibiwa, na radi inakosa njia kutoka tanki hadi kisimani.

Halafu kuna ukimya wenyewe. Laini ya simu ikiisha kifurushi, au ikifungwa kwa kutotumika, kisanduku hakiwezi kukuambia kwamba hakiwezi kukuambia. Kitume salamu kila siku saa 12 asubuhi, na mfumo wa ofisini upige kengele ikifika saa 12:30 bila salamu. Antena ikae nje, juu ya mlingoti, si ndani ya kabati la chuma.

Kengele nyingi mno nazo ni hatari, maana fundi huishia kuzima sauti ya simu. Umeme ukikatika, itumwe taarifa moja ya umeme, zisifuatane za presha, mtiririko na pampu kusimama. Floti ipewe sekunde 10 kabla ya kuaminiwa kwa ajili ya mawimbi ya tanki, na volti zinazoyumba zipewe 30. Asipojibu fundi wa kwanza ndani ya dakika 15, aitwe wa pili. Fundi akihamishwa, namba yake ibadilishwe siku hiyohiyo.

Tunaziomba halmashauri zizuie malipo ya mwisho mpaka mkandarasi ajaribiwe mbele ya kamati ya maji ya kijiji: umeme uzimwe, fyuzi ya fezi moja ichomolewe, waya wa tanki ufunguliwe, floti inyanyuliwe kwa mkono, mlango ufunguliwe, antena itolewe. Kila mara simu iite ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba. Kwa antena, mfumo wa ofisini ndio upige kengele. Majaribio hayo yarudiwe Novemba kabla ya mvua na Mei zikishapita. Mchoro wa nyaya ubaki kabatini ndani ya mfuko wa plastiki, na neno la siri likabidhiwe halmashauri kwa maandishi siku ya makabidhiano.

Mafundi wa umeme na mitambo ya maji,
Dodoma