Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kiswahili Kipangiwe Mahali Pake Katika Masomo Yanayofundishwa kwa Kiingereza

Ndugu wanachama,

Katika mwaka tunaoufunga, kamati ya utendaji ilielekeza nguvu kwa kundi moja: wanafunzi waliosoma kwa Kiswahili hadi Darasa la Saba, kisha Januari wakaingia Kidato cha Kwanza na kukuta Fizikia, Jiografia na Kemia zote ziko kwa Kiingereza. Hao ndio wengi wa tunaowafundisha. Masuala ya fedha nitayagusa mwishoni tu.

Historia yake mnaijua. Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali Tanzania, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Tume ya Makweta ya 1982, iliyopitia mfumo wa elimu, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 uchunguzi wa wataalamu wa lugha Criper na Dodd ukaonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kusomea masomo mengine. Mjadala wa sera unaendelea, na humu chamani zipo pande zote. Ila aliyeko kwenye dawati leo ana haki ya kuelewa somo la leo.

Wengi hutegemea kozi ya awali ya Kiingereza mwanzoni mwa Kidato cha Kwanza. Inasaidia, lakini haiwezi kumaliza kazi. Mwaka 1979 Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya lugha mbili, alitenganisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Kwa watoto wahamiaji wa Toronto, ya kwanza ilichukua takribani miaka 2, ya pili miaka 5 hadi 7. Na hao walikuwa wakisikia Kiingereza dukani, barabarani na kwenye televisheni. Wetu wanakisikia darasani, na kutoka Kidato cha Kwanza hadi cha Nne ni miaka 4. Anayengoja Kiingereza kikae sawa ndipo aanze Kemia, Kemia hataifikia. Cummins huyo huyo alifundisha jambo la kutia moyo: dhana iliyokwisha kueleweka katika lugha ya kwanza haijengwi upya. Mtoto anayejua kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula amebakiza maneno ya kuisemea dhana hiyo.

Kwa hiyo msimamo wa kamati ni kwamba Kiswahili kisifukuzwe darasani, bali kipangiwe mahali. Mwanaelimu Cen Williams alifanya hivyo Wales miaka ya 1990 kwa Kiwelshi na Kiingereza: mwanafunzi apokee kwa lugha moja, atoe kwa nyingine. Semina za matawi zilifundisha mpango ufuatao wa vipindi viwili mfululizo, dakika 80, na mfano tuliotumia ni miali ya moto katika Kemia.

Dakika 10 za kwanza ni za Kiswahili. Mwalimu anawasha kichomeo cha Bunsen, anafunga tundu la hewa, anapitisha sahani nyeupe juu ya mwali, kisha anafungua tundu na kurudia. Pasipo gesi ya maabara, mshumaa na jiko dogo la gesi vinatosha. Wanafunzi wawili wawili wanaambiana walichoona: njano na masizi, halafu bluu bila masizi. Hakuna anayeandika. Dakika 10 zinazofuata ni za maneno ya Kiingereza, yasizidi 8, kila moja likitamkwa huku kitu chenyewe kikioneshwa, na yaandikwe upande wa kulia wa ubao yasifutwe hadi kengele. Kisha dakika 25 za Kiingereza kitupu: jaribio linarudiwa, sentensi ni fupi, na kifungu cha maneno kama 100 kinasomwa. Hapa mwalimu anaeleza kwamba hewa ikichanganyika na gesi kabla ya kuungua, gesi inaungua yote. Hewa ikipungua, chembe za kaboni zinawaka njano na kubaki kuwa masizi. Dakika 15 ni za kuzungumza kwa Kiingereza wawili wawili, wakitumia kianzio cha sentensi kilicho ubaoni: “When the air hole is closed, the flame is … because …”. Dakika 15 kila mmoja anaandika sentensi 4 zake mwenyewe. Tano za mwisho ni za kukusanya.

Sehemu inayorukwa zaidi ni ile ya kuzungumza na kuandika, eti muda umekwisha. Isirukwe. Mtafiti wa lugha Merrill Swain alichunguza shule za Kanada ambako watoto wanaoongea Kiingereza walifundishwa kwa Kifaransa. Miaka ya kusikiliza iliwapa uelewa mzuri, lakini usemi na uandishi wao ulibaki nyuma. Mitihani yetu inapima kuandika. Darasa linalomalizia neno la mwalimu kwa sauti moja na kuitika “yes” likiulizwa kama limeelewa, halijatunga hata sentensi moja.

Kosa lililojirudia katika maandalio ya somo tuliyopitia ni kutafsiri sentensi kwa sentensi. Mwalimu anasema kwa Kiingereza, anarudia papo hapo kwa Kiswahili. Wanafunzi wanajifunza haraka kwamba Kiswahili kinakuja, basi Kiingereza wanakiacha kipite. Lugha mbili zitenganishwe kwa muda, si kwa sentensi. Kosa la upande wa pili ni majadiliano mazuri ya Kiswahili yasiyoishia kwenye Kiingereza cha kuandika. Mtoto anaelewa na bado anafeli.

Vianzio vya sentensi navyo vina muda wake. Wanasaikolojia Wood, Bruner na Ross mwaka 1976 waliufananisha msaada wa namna hii na jukwaa la fundi ujenzi: linaondolewa ukuta ukisimama. Tunashauri kianzio kizima kwa mada ya kwanza, nusu yake kwa inayofuata, kisha viunganishi pekee, kisha ubao mtupu. Mwalimu asiyekiondoa anapata sentensi 60 zinazofanana.

Kuhusu vitabu, fanyeni kipimo hiki kabla ya kumwachia mwanafunzi asome peke yake. Chagueni kifungu cha maneno 100, wanafunzi watano wapigie mstari wasiyoyajua. Utafiti wa wataalamu wa msamiati Hu na Nation wa mwaka 2000 unaonyesha msomaji anahitaji kujua takribani asilimia 98 ya maneno ili aelewe bila msaada. Wasiyoyajua yakizidi 2, kifungu kisomwe pamoja au kiandikwe upya. Na mkiuliza swali, ngojeni. Mtafiti wa ufundishaji wa sayansi Mary Budd Rowe mwaka 1974 alipima walimu wanaongoja kama sekunde 1. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka. Anayetafuta jibu kwa lugha ya pili anazihitaji sekunde hizo kuliko yeyote.

Kibao cha kumvisha shingoni aliyesema Kiswahili kiondoke shuleni kwetu. Kinafundisha kunyamaza. Tukumbuke pia wanaoongea Kimaasai au Kisukuma nyumbani: kwao Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili, na jaribio la kuona kwa macho ndilo linalowafikia kwanza. Kwa wenye uoni hafifu, kila kinachoandikwa kisomwe kwa sauti. Kwa viziwi, mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania apewe maneno 8 siku moja kabla.

Fedha ataeleza mhazini. Nigusie kuwa fotokopi imekula sehemu kubwa ya mfuko wa semina. Kamati inapendekeza karatasi za manila zitakazozunguka mikondo yote, herufi zisipungue sentimita 4 kwa chumba cha mita 8, zihifadhiwe zikiwa zimeviringishwa, zisikunjwe.

Naomba mkutano upitishe pendekezo hilo, na kila tawi lilete kabla shule hazijafunguliwa Januari orodha za maneno na vianzio vya mada tatu za mwanzo katika Baiolojia, Kemia na Jiografia. Katibu ataeleza mgawanyo wa mada.

Mwenyekiti