Barua kwa Mwanangu: Rula ya Kupimia Ulimwengu

Kirumba, Mwanza

Mwanangu Kabula,

Hatujambo. Mbalamwezi imewaka, wavuvi wamepumzika, na dagaa wamepanda bei. Sasa nijibu swali lako: wanapimaje kutanuka kwa ulimwengu na hakuna aliyefika huko?

Unazijua taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza. Taa ikiwa hafifu, iko mbali au betri inaisha? Ukiwa mwaloni huwezi kujua. Galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, nazo ni hivyo hivyo, kwa hiyo ikatafutwa rula: kitu ambacho urefu wake unajulikana.

Rula hiyo ni ya kale. Kwa miaka kama 380,000 ya mwanzo, ulimwengu ulikuwa gesi ya moto mkali, na mawimbi ya sauti yakipita ndani yake. Ulipopoa, mawimbi yakaganda na kuacha alama: jozi za galaksi zilizoachana kwa miaka nuru kama milioni 490 (mwaka nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka), kwa vipimo vya leo, ni nyingi kidogo kuliko kama zingejipanga kiholela. Hiyo "kidogo" ndiyo kazi! Lazima upime galaksi nyingi mno ndipo alama ijitokeze. Ilionekana wazi mwaka 2005.

Siku hizi mradi wa kupima galaksi uitwao DESI, kule Arizona, Marekani, unatumia darubini ya mita 4 yenye roboti ndogo 5,000. Kila roboti inashika uzi mwembamba wa kioo na kuuelekeza kwenye galaksi yake. Nuru inapita humo hadi kwenye chombo cha kuichambua rangi. Mstari mwekundu wa hidrojeni, ambao maabarani una urefu wa wimbi wa nanomita 656 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), ukiukuta kwenye 787, ujue tangu nuru hiyo ianze safari umbali kati ya galaksi umeongezeka kwa asilimia 20. Kisha unatazama rula inaonekana na upana gani angani, unapata umbali. Fanya hivyo kwa zama mbalimbali, unapata historia nzima ya kutanuka.

Mwaka 2025 walitangaza matokeo ya galaksi na kwaza (viini vya galaksi vinavyong'aa mno) karibu milioni 15. Yakiunganishwa na vipimo vingine, yanadokeza kwamba nishati giza, inayoharakisha kutanuka, inapungua nguvu. Uhakika wao ni sigma 2.8 hadi 4.2, kutegemea data zilizounganishwa; sigma ikiwa kubwa, ni vigumu zaidi matokeo kuwa bahati tu. Wanafizikia hudai 5. Kwa hiyo wenzako wanaosema Einstein kashindwa, eti kwa kuwa kwenye hesabu zake nguvu hiyo haibadiliki, waambie wasubiri.

Mstari ule ule ukiwa kwenye 984, umbali umeongezeka kwa asilimia ngapi? Nitumie jibu kabla ya Ijumaa, nikuwekee dagaa kwenye basi.

Mama yako