Kilwa dhidi ya Roma: msianze na askari

Mhariri,

Vijana wanaobuni himaya mseto, zinazokutanisha zama tofauti, za mchezo wa kompyuta wa 0 A.D. huanza na orodha ndefu ya askari. Hapo ndipo wanapokosea. Kilwa ya karne ya 14 ikikutanishwa na Roma ya kale, kwanza ipewe udhaifu wake: mtepe, chombo cha kale cha Waswahili kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, uwe na mwendo na shehena kubwa, lakini usihimili kugongwa na merikebu ya Kirumi yenye pembe ya shaba ya kutobolea. Nguvu yake itoke kwenye dhahabu ya Sofala, bandari ya kale katika Msumbiji ya leo.

Kisha faili za mchezo. Jina la faili ya himaya (“kilwa” katika kilwa.json), msimbo wa himaya uliomo ndani yake na alama ya “Civ” katika violezo vya XML, yaani faili zinazoeleza askari na majengo, vifanane herufi kwa herufi. Na katika kilwa.json, “SelectableInGameSetup” ikiwa “false”, himaya haitokei kwenye orodha ya kuchagua kabla ya mchezo kuanza. Wengi huilaumu kompyuta bure.

Msomaji, Tanga