Kabla Hujashusha Giaboksi

Tabora

Swahiba wangu,

Barua yako nimeipata pamoja na salamu za nyumbani, nasi huku hatujambo. Umeandika kwamba asubuhi ukilitoa gari lako la otomatiki kwenye P (ya kuegesha) kwenda R (ya kurudi nyuma) hugonga kwa kishindo, kwamba husikika mluzi ukipanda kutoka stesheni kwenda Mwanga hapo Kigoma, na kwamba fundi amekushauri uagize giaboksi iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Nakuomba usimlipe mtu hata senti ya kushusha giaboksi kabla hujaitenganisha milio hiyo miwili, kwa maana sidhani kama chanzo chake ni kimoja.

Kishindo hakinitii hofu sana, kwa kuwa nakijua kilima unapolaza gari. Ukiweka P, ndani ya giaboksi kijino cha chuma hujipachika kwenye meno ya gia ili magurudumu yasizunguke. Ukiachia breki kabla ya kuvuta handibreki, gari husogea kidogo na uzito wake wote hukiangukia kijino hicho, hivyo asubuhi kikichomolewa ni lazima kigonge. Leo jioni, mguu ukiwa kwenye breki, weka N (gia huru), vuta handibreki, achia breki ya mguu polepole mpaka gari litulie, kisha ukanyage breki tena ndipo uweke P. Kesho toa P kwanza na handibreki mwisho. Ikiwa bado linagonga hata penye tambarare, fundi akague maunting, yaani vishikizo vya mpira vya injini na giaboksi, kwani mpira wake ukikatika injini huruka kila gia inapoingia, na bei ya maunting hailingani hata kidogo na ya giaboksi. (Ule mlio mdogo unaosikika ukikanyaga breki kabla ya kutoa P ni wa kifaa kinachofungua kufuli ya gia, usikusumbue.)

Mluzi ndio unaonitia wasiwasi. Gia za otomatiki huingia kwa nguvu ya oili: pampu inayozungushwa na injini huivuta kupitia chujio na kuisukuma kwenye klachi za ndani, na oili ikipungua au chujio likiziba, pampu huvuta hewa na kulia, huku klachi zikiteleza na kuungua. Washa injini ukiwa P na ukanyage pedali ya mafuta kidogo. Mluzi ukipanda gari likiwa limesimama, shuku pampu na oili. Ukifuata mwendo wa magurudumu tu, huenda ni beringi.

Kwa magari mengi, kuipima oili hiyo si kama kupima ya injini, ingawa mafundi wengi huzima gari kwanza na kupata jibu la uongo. Endesha mpaka ipate moto, simama penye tambarare, acha injini ikiunguruma, kanyaga breki na upitishe gia zote kisha urudi P, ndipo uvute stiki ya kupimia oili ya giaboksi, uifute, uirudishe, uivute tena na kusoma alama za HOT (za oili ikiwa moto). Oili nzuri mara nyingi ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, itabidi nikubali kwamba huenda fundi wako ana hoja. Ikiwa ni pungufu tu, tafuta inakovujia, kwa sababu oili ya giaboksi haiungui na kuisha kama ya injini; anzia kwenye sili na mabomba yanayokwenda kwenye rejeta.

Wala usikubali kuongezewa oili yoyote kwa sababu tu ni nyekundu. Toyota wenyewe wana oili za Type T-IV na WS, ambazo hazipaswi kubadilishana, na giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) ina oili yake kabisa. Mara nyingi aina huandikwa kwenye stiki yenyewe. Safari ya kuja huku kupitia Uvinza na Kaliua uiahirishe kwanza, na ukishapima nieleze rangi uliyoiona na maandishi ya stiki, ili kama oili hiyo haipatikani huko niinunue hapa Tabora na kuituma kwa basi.

Wasalimie shemeji na watoto.

Rafiki yako